Maktaba Yetu, Shauri Letu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Ketini vizuri, toeni daftari na kalamu. Aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo ili na wenzetu wa nyuma wasikie. Na wewe unayeyasoma maneno haya kwenye karatasi baada ya kipindi kwisha, soma polepole. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma usome tena. Hakuna anayekukimbiza.

Leo tutazungumza juu ya maktaba, na hasa juu ya namna ya kupanga maktaba mpya ili iwafae watu wanaoishi mahali pale.

Kwanza, maktaba ni nini? Neno hili limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa maneno mawili mnayoyajua: kitabu na katibu. Maktaba ni mahali panapowekwa vitabu, magazeti na maandishi mengine ili watu wayasome pale pale, au wayaazime, waende nayo nyumbani, kisha wayarudishe. Dukani unanunua kitabu kikawa chako. Katika maktaba ya umma unaazima, na kitabu hubaki mali ya wote.

Pengine unajiuliza, "Mimi ndiyo kwanza nimejua kuandika jina langu. Mambo ya maktaba yananihusu nini? Hayo ni ya walimu na makarani." Ngoja nikueleze.

Kujua kusoma ni kama jembe. Likilimiwa kila siku hung'aa. Likiwekwa pembeni hushika kutu. Wako watu waliohudhuria darasa kama lako, wakashinda mtihani, wakapewa cheti, wakakiweka sandukuni. Miaka ikapita. Siku moja wakaletewa karatasi watie sahihi, nao wakaomba wino waweke dole gumba, kama zamani. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wavivu. Nyumbani mwao hamkuwa na kitu cha kusoma, na kijijini mwao hapakuwa na mahali pa kukipata. Basi herufi zikawatoka moja moja, kama maji katika mtungi wenye ufa.

Ndiyo maana shauri la maktaba linakuhusu wewe kuliko karani. Karani ana vitabu ofisini. Wewe darasa likifungwa utabaki na nini?

TULIKOTOKA

Mwaka 1948 ilianzishwa idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoitwa East African Literature Bureau. Idara hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu mahali mbalimbali, na iliwaazimisha watu vitabu kwa posta. Mtu alipelekewa kitabu, akakisoma, akakirudisha, akapelekewa kingine.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Tanganyika ilitunga sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka 1975 ilitungwa sheria nyingine ya Bodi, nayo iliipa kazi pana zaidi katika nchi nzima.

Kenya nayo ilitunga sheria ya Bodi ya maktaba mwaka 1965. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, maktaba ziliwekwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, ili shauri lake lisogee karibu na wananchi.

Mwaka 1970 Tanzania ilitangaza Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, katika maghala na misikitini, na wengine nyumbani kwa majirani. Katika miaka ile zilifunguliwa maktaba nyingi ndogo vijijini, ili waliojifunza kusoma wasisahau. Lakini nyingi zilififia baadaye. Vitabu vilichakaa na vipya havikuletwa. Mahali pengine kabati lilibaki limefungwa, na ufunguo ukawa mfukoni mwa mtu mmoja.

Hapa tunapata fundisho. Kufungua maktaba si kazi ngumu sana. Kazi ni kuifanya iishi. Nayo huishi pale watu wanapoiona kuwa ni yao, wakaiuliza inapolala na kuigombania inapofungwa. Na mtu huona kitu kuwa ni chake akishirikishwa tangu siku ya kwanza.

SHERIA INASEMA NINI

Wengine husema, "Viongozi watapanga, sisi tutaambiwa." Hapana. Tanzania, Mkutano Mkuu wa Kijiji si wa viongozi peke yao. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, mwanamke kwa mwanamume, aliyesoma na asiyesoma. Mkutano huo hufanywa si chini ya mara moja kila miezi 3. Tena, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali.

Tazama maana yake. Maktaba haiwezi kusimama hewani, inataka kiwanja. Kiwanja cha kijiji hakitolewi ila Mkutano Mkuu ukubali. Na katika mkutano huo wewe ni mjumbe. Kwa hiyo shauri limekwisha kuwa lako. Ukibaki nyumbani umewaachia wengine.

TUFANYE MFANO

Tuseme kuna kijiji kimoja, hatutakipa jina. Watu wake wamepata habari kwamba zipo mbao, mabati na fedha kidogo za kujengea maktaba. Mwenyekiti ameita mkutano. Karani amekwisha kuchora ramani. Nyumba itajengwa kilimani, karibu na ofisi, itafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 9 alasiri, siku za kazi tu. Ramani ni nzuri na imepigwa rangi. Mwenyekiti anauliza, "Mnakubali?" Watu wanaanza kupiga makofi.

Mama mmoja muuza samaki anasimama. Yuko katika darasa la kisomo, mwezi wa nne sasa. Anasema, "Samahani, Mwenyekiti. Mimi alfajiri nipo pwani, asubuhi nipo sokoni, na saa 9 ndiyo kwanza narudi. Nyumba hii itafunguliwa nikiwa kazini na kufungwa nikipumzika. Sasa nitaingia lini?"

Makofi yanakoma. Mzee mmoja, fundi cherehani, anasema, "Wanangu, kilima hicho magoti yangu hayakiwezi." Kijana mwenye baiskeli anapendekeza maktaba iwe sokoni. Mwalimu anapinga, kwa kuwa sokoni kuna kelele za redio na mashine ya kusaga. Mwingine anataka kando ya kisima, wanakopita wanawake na watoto kila siku. Wanabishana sana. Karani anaona vibaya, maana ramani yake ameifanyia kazi usiku na mchana.

Mwishowe mama mmoja wa nyuma kabisa anainua mkono. Anaona haya, anasema kwa sauti ndogo, "Mimi nasoma polepole, tena kwa kutamka. Nikiingia humo, wanafunzi wa sekondari hawatanicheka?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria swali hilo. Karani mwenyewe ndiye aliyejibu, "Mama, umesema kweli. Tutatenga chumba kidogo kwa wanaosoma kwa sauti." Akachukua ramani yake, akafuta mstari na kuchora mwingine.

Kijiji hicho kilikubaliana nini? Nyumba ijengwe njia ya kisimani, si kilimani wala sokoni. Ifunguliwe asubuhi kidogo, ifungwe mchana, ifunguliwe tena jioni mpaka saa 2 usiku kwa taa ya umeme wa jua. Jumamosi iwe wazi. Wasomao kwa sauti wapewe chumba chao. Ramani ya kwanza haikuwa mbaya. Ilikosa tu macho ya watu watakaoitumia. Avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

WENZETU WALIFANYAJE

Huo ulikuwa mfano. Sasa sikilizeni mambo mawili yaliyotokea kweli.

La kwanza ni la Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Wengi wa watu wa huko ni wafugaji, nao huhama kufuata malisho na maji. Ukijenga nyumba ya vitabu mahali pamoja, mfugaji ataikuta lini? Kwa hiyo mwaka 1996 huduma ya maktaba ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema. Wakifika penye watu au shule, hema hupigwa, mkeka hutandikwa na vitabu hupangwa. Watu husoma na kuazima. Hapo maktaba ndiyo iliyomfuata msomaji. Waliopanga walitazama kwanza watu wanavyoishi, ndipo wakaamua maktaba iweje.

La pili ni la mbali, mji wa Helsinki, nchi ya Ufini. Watu wa mji ule walitaka kujenga maktaba kuu mpya, mbele ya Bunge lao. Hawakuanza na matofali. Mwaka 2012 walitumia kitu walichokiita mti wa ndoto. Watu waliandika kila mmoja analolitamani katika maktaba hiyo, na maneno yao yakatundikwa. Yalikusanywa mawazo kama 2,300. Hata jina la maktaba wananchi waliitwa walitafute, likachaguliwa jina Oodi. Maktaba ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018. Ukiingia humo utakuta vitabu, lakini pia utakuta vyerehani, vyumba vya kupigia muziki na jiko la kupikia, vyote kwa matumizi ya watu.

Ufini ni nchi tajiri, nasi hatuwezi kujenga nyumba kama ile. Lakini mti wa ndoto hauhitaji utajiri. Mwembe mnao, kamba mnayo, karatasi na kalamu mnazo. Asiyejua kuandika amtajie mwenzake amwandikie. Mkimaliza, mtu asome karatasi zote kwa sauti, moja moja, bila kuficha hata moja.

MAMBO YA KUULIZANA

Siku mtakapokaa kupanga, ulizaneni maswali haya.

Kwanza: Ni nani hayupo hapa? Tazameni huku na huku. Pengine wanawake wenye watoto wachanga hawakuja, au wavuvi wako baharini. Kipofu naye huenda hakupata wa kumshika mkono, na wazee wako ndani. Watumeni watu wawili wawili wakawaulize nyumbani. Shirika la UNESCO, tangu mwaka 1949, limetangaza kwamba maktaba ya umma ni ya watu wote bila ubaguzi. Asiyeulizwa atabaguliwa hata kama hakuna aliyekusudia kumbagua.

Pili: Tunataka kusoma nini? Usiseme "vitabu" tu. Mkulima anataka kujua dawa ya wadudu wa mahindi, na mama mjamzito habari za uzazi. Mwingine anataka sheria ya ardhi na mirathi. Watoto wanataka hadithi, hata wazee pia, msiwafiche! Na ninyi wa kisomo mnataka vitabu vyembamba, herufi kubwa, Kiswahili chepesi, lakini mambo ya watu wazima. Semeni hivyo. Msipolisema mtaletewa masanduku ya vitabu vya lugha ngeni, vimepangwa vizuri, navyo vitakaa hapo mpaka viliwe na mchwa.

Tatu: Vitakaa vingapi? Hapa tufanye hesabu kidogo. Chukua kalamu. Tuseme kitabu kimoja kina unene wa sentimita 2. Ubao wa mita 1 una sentimita 100. Gawanya 100 kwa 2, unapata vitabu 50. Kabati lenye mbao 5 litachukua 50 mara 5, yaani vitabu 250. Lakini msijaze. Wekeni 200, nafasi ya 50 iacheni kwa vitabu vijavyo. Maktaba hukua kama mtoto. Mshoneeni nguo yenye nafasi.

Nne: Vitabu vitalindwaje? Vitabu vina maadui wengi: mvua, jua kali, mchwa, panya, mende na mikono michafu. Fundi seremala aweke kabati juu ya miguu, lisigusane na ukuta wala sakafu. Madirisha yawe makubwa kwa mwanga na hewa, lakini jua lisivipige vitabu moja kwa moja. Paa litazamwe kabla ya masika. Tena wekeni ndoo ya maji na sabuni mlangoni.

Tano: Nani atashika ufunguo? Swali hili dogo limeua maktaba nyingi. Mtu mmoja akishika ufunguo, siku akisafiri maktaba imesafiri naye. Chagueni kamati, wanawake kwa wanaume, na mmoja wao awe mwanafunzi wa kisomo. Ufunguo wa pili uwepo, na kila mtu ajue uko kwa nani. Mtakayemchagua kuwa mkutubi, yaani mtunza maktaba, apelekwe akajifunze. Tanzania kuna chuo cha kazi hiyo huko Bagamoyo. Ushauri wa kuanzisha maktaba ombeni kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, mwandikieni barua. Na barua hiyo iandikwe na darasa hili.

Sita: Kitabu kikipotea itakuwaje? Hapa pana hatari mbili. Mkiwa wakali mno, watu wataogopa kuazima, na vitabu vitazeeka kabatini vikiwa safi. Mkiwa walegevu mno, baada ya mwaka rafu zitabaki na vumbi tu. Wekeni daftari lenye safu nne: jina la kitabu, jina la aliyeazima, siku aliyochukua, siku aliyorudisha. Mtu atie sahihi yake mwenyewe. Mkipanga adhabu, ipangeni wote pamoja, ili atakayeadhibiwa asiseme ameonewa.

NENO KWAKO

Labda utasema, "Nitasimamaje mbele ya watu, nami sijui kusema?" Mkumbuke yule mama wa nyuma kabisa, aliyeona haya. Hakutoa hotuba. Aliuliza swali moja tu, tena kwa sauti ndogo, na ramani ikabadilika. Mwalimu asingeliuliza swali lile, kwa kuwa mwalimu husoma haraka. Karani asingeliuliza. Aliyeweza kuliuliza ni yule anayesoma polepole. Ujuzi huo unao wewe peke yako. Ukiuficha, maktaba itajengwa bila huo, nawe utapita mbele ya mlango wake ukiutazama kama mlango wa ofisi.

Huenda usipate yote utakayo. Pengine watu watachagua kiwanja usichokipenda, au saa zisizokufaa sana. Mashauriano ndivyo yalivyo. Hutoa huku na kupata huku. Hata hivyo utajua kwa nini imekuwa hivyo, kwa sababu ulikuwapo. Na mkutano ujao utasimama tena.

Penye wengi hapaharibiki neno. Nendeni mkakae pamoja mkapange. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Maktaba ya umma na duka la vitabu vinatofautianaje?
2. Kwa nini maktaba nyingi ndogo za zamani zilififia? Mahali penu iliwahi kuwapo moja? Waulizeni wazee.
3. Yule mama muuza samaki aliona kosa gani katika ramani ya karani?
4. Ni nani katika mtaa wenu asiyefika mikutanoni? Nani ataenda kumwuliza?
5. Kitabu kikiwa na unene wa sentimita 4, ubao wa mita 1 utachukua vitabu vingapi? Kabati lenye mbao 5 je?

KAZI YA KUANDIKA

Andika kwenye karatasi sentensi moja ianzayo hivi: "Katika maktaba yetu mimi nataka..." Maliza kwa maneno yako mwenyewe. Tia jina lako chini. Karatasi zote zitundikwe ukutani, zisomwe kwa sauti, kisha mwalimu azitunze vizuri. Siku ya mkutano mtaenda nazo.